Usiwamalizie Wazee Maneno

Muhonja mwanangu,

Umekula imondo ya Kuka. Sasa hivi, chai haijachemka hata, umekula imondo ya babu yako mbele ya watu. Sijui kama nilicho nacho ni hasira au ni kicheko nilichokimeza kikakwama hapa kifuani.

Wacha nikuandikie vile nilivyoona mimi, maana wewe ulikuwa unamwangalia yeye tu. Sahani ilikuwa mbele yake. Ile firigisi ilikuwa juu ya nyama zingine, imekaa kama mgeni rasmi, inangoja mwenyewe amalize kuongea. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke akigusa imondo iliyopikwa. Nimezipasua nikatoa mchanga, nimezisafisha, nimezipika, nimezichunga kwa macho zikiwa ndani ya sufuria isije moja ikayeyuka nikaulizwa. Kuonja, hapana. Na wewe ukanyoosha mkono kama mtu anayechukua chumvi, ukaiweka mdomoni nzima, ukaanza kutafuna. Polepole. Wazee wawili walioalikwa kuja kukuombea safari ya chuo wakaacha kula. Senje, shangazi yako, akashika kichwa.

Ulikuwa umesema maneno machache tu, na kwa adabu. "Kuka, nashukuru kwa maombi. Lakini kwa Senje sitaenda kukaa. Nitasoma vizuri nikikaa mahali pengine." Basi. Kuka akatabasamu, akajipangusa vidole, akaanza ule msemo wa subira. Unajua vile wanafanyanga. Anatoa nusu ya kwanza, ananyamaza, anakuinamishia sikio, anangoja wewe utoe nusu iliyobaki. Ukishaitoa, mazungumzo yameisha, umekubali kwa mdomo wako mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa inangoja. Hata mimi, Mungu anisamehe, ulimi ulikuwa umeshaanza kujikunja. Na wewe ukajaza mdomo nyama.

"Huyu mtoto amekula nini?" Kuka akauliza, na alikuwa ameona.

"Imondo," Senje akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za kifo.

"Imondo gani?"

"Baba, kuku alikuwa na moja tu," baba yako akasema kutoka kwa kile kiti chake cha dirishani. Kisha akacheka. Alicheka mpaka gongo lake moja la kutembelea likaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Mlipokuwa mnatoka kwenda nyumbani kwake, wewe na Kukhu nyanya yako, nilimsikia akikuuliza kwa sauti ya chini pale mlangoni, "Ilikuwa laini?" Mama mzima huyo. Amekuwa akipika imondo za mume wake tangu kabla baba yako hajazaliwa, na ilibidi akuulize wewe.

Hukusikia yaliyofuata, kwa hivyo nakuambia. Kuka alisema kesho husafiri hivi hivi. Alisema utarudi hapa na kuku mwingine, utapiga magoti, utamalizia lile neno alilokuanzishia, na utasema mbele ya wazee kwamba huko Kisumu utakaa kwa Senje. Ukikataa, uende, lakini usirudi likizo, boma hili halitakujua. Kisha akanigeukia. "Jentrix, huyo ni wako. Mlete kabla chai haijaiva."

Basi niko jikoni. Wao wanadhani nimeenda kwa Kukhu kukutoa. Mimi nimeweka kuni mbichi chini ya sufuria, makusudi, moshi unaniua lakini maji hayaharakishi. Jua ndilo linazama. Naandika juu ya kiti cha kukamulia maziwa.

Ningekuja tu nikuongeleshe, lakini unanijua. Mimi nikiwa na hasira hulia, na nikilia watu hudhani nimeshindwa. Hata wewe ungedhani hivyo, ungenihurumia, ungekubali kupiga magoti kwa ajili yangu. Sitaki. Hii barua nitakupenyezea chini ya mlango wa Kukhu leo hii, na ukishaisoma uifiche ndani ya begi lako, chini ya zile overoli za kozi ya umeme. Mambo ya vaa sweta na funga mlango siandiki. Hayo unayajua, na mengine wewe ndiwe unanifunzanga mimi.

Nataka nikuandikie juu ya methali. Na sitaandika hata moja humu. Zimekula vya kutosha katika hii nyumba, karatasi yangu hazitaila.

Mimi nilikuwa bingwa wao. Hilo hulijui. Kule kwetu Ekero, shuleni, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa anasimama mbele ya darasa na fimbo yake ndogo, anatupa nusu, na sisi tunapiga kelele nusu nyingine. Aliyemaliza kwanza anaketi. Wengine wanasimama mpaka wapate. Mimi nilikuwa naketi kabla ya wote, kila mara. Rafiki yangu Konsolata alikuwa anabaki amesimama mpaka kengele, anavuta sketi yangu nimnong'onezee. Sikuwa najua hesabu, Kiingereza kilinishinda, lakini nusu ya pili nilikuwa nayo. Nilijiona nina akili kweli. Nikatoka shule darasa la nane na wewe tumboni. Shule sikuimaliza, methali nilikuwa nimezimaliza zote.

Lakini hakuna siku mwalimu yule alituuliza kama ni kweli. Hakuuliza, "Wewe Jentrix, kwenu nyumbani imekuwa hivyo?" Ningemwambia. Kwetu tulikuwa na majirani waliovumilia mpaka wakazikwa, na hakuna walichokula. Tungetoa mifano darasa zima. Lakini kazi yetu ilikuwa kumalizia.

Nikaolewa hapa Malinya nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyo leo. Sikumjua mtu. Kukhu alinipokea kwa kunipa jembe, Senje alinipokea kwa kuniangalia viatu. Aliyenipokea kwa maneno mazuri ni Kuka. Jioni ya kwanza alinianzishia moja, nikamalizia. Akaanzisha nyingine, nikamalizia. Akapiga paja. "Huyu mmemtoa wapi? Huyu ni mzee aliyevaa leso!" Nilifurahi, Muhonja. Nilifurahi sana. Tangu hapo ikawa ni mchezo wetu. Mgeni akija, Kuka ananiita nije na chai, ananitupia nusu, namrudishia, wanacheka, nainama natoka na trei yangu nikiwa nimejaa sifa.

Sasa nakuambia juu ya mgongo wa baba yako.

Umekua ukiambiwa shimo la machimbo lilimwangukia. Ni kweli, shimo lilimwangukia. Lakini jioni ya kabla yake alirudi nyumbani mapema, matope mpaka masikioni, akaketi pale pale kwa dirisha bila kuvua viatu. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Akasema, "Ukuta wa lile shimo unatoa maji. Miti tuliyoegemeza inalia. Mimi kesho sishuki." Aliyasema wazi, kama mtu anayesema kesho sokoni haendi. Hakuwa anatafuta ruhusa ya mtu. Alikuwa amepata akili yake mwenyewe, ametoka nayo huko chini.

Kuka alikuwa amekuja kunywa chai. Akaweka kikombe. Akaanza ile inayomcheka mtu mwoga. Akatoa nusu, akanyamaza.

Baba yako akakwangua tope kwenye kiatu.

Na mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimimina chai. Ulikuwa umelala mgongoni kwangu, ulikuwa mdogo, mate yako yamenilowesha bega. Sikufikiria. Nusu ya kwanza imetolewa, watu wamenyamaza, mimi ni bingwa. Nikaimalizia. Na sauti nzuri, ile ya darasani. Kuka akacheka. "Umesikia? Hata mtoto wa Ekero anajua!" Baba yako akaniangalia. Sikuelewa alivyoniangalia. Nilidhani ananisifu na yeye.

Kesho yake akashuka. Walimtoa wakati wa jioni, wamembeba kwa mlango wa mbao waliong'oa kwenye kibanda.

Miaka mingi niliogopa kumuuliza. Siku moja nikiwa namkanda mgongo na maji moto nikamwambia, "Ni mimi nilikutuma." Unajua alinijibu nini? Alisema, "Hapana. Mimi ndiye nilishuka. Lakini nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme neno lake mwenyewe. Hata wewe. Ungesema tu usiende." Neno moja. Mtu alikuwa amekaa pale anangoja neno moja, na nyumba ilikuwa imejaa maneno ya watu waliokufa zamani.

Sikuandikii haya ili unihurumie, na wala si ya kukuliza. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira yangu imepata mahali pa kusimama leo, pale ulipotafuna.

Unamkumbuka yule fahali wa Kuka, yule mweupe mwenye baka jeusi jichoni? Ulikuwa umeanza shule, ulipanda mabega ya binamu yako tukaenda kumwona akipiganishwa uwanjani. Tulitoka naye hapa asubuhi na filimbi na ngoma za isukuti, vijana wanaruka mpaka vumbi linaingia kwa nyusi. Akafika, akamwona mwenzake, akageuka. Alikimbia, Muhonja! Alipitia katikati ya watu, akakanyaga nanasi za mama mmoja, akaenda kusimama nyuma ya choo cha shule. Uwanja mzima ulicheka.

Nilimtazama Kuka siku hiyo. Nilingoja nisikie ile ya mwoga. Nilijua ataitoa, na nilikuwa nimeapa kwamba safari hii ataimalizia mwenyewe. Alikwenda nyuma ya choo, akamshika fahali shingoni, akampangusa povu na shati lake. Akamwambia, na mimi nilikuwa karibu nikasikia, "Pole, pole, mtoto wangu. Leo mwili haukuwa tayari. Twende nyumbani." Akampeleka polepole kwa njia ya chini, ili watu wasimwone. Jioni akampikia uji wa mtama.

Fahali aliruhusiwa kuogopa. Mwana wa kuzaa hakuruhusiwa.

Hapo ndipo nilianza kuzisikiliza, hizi hekima zao. Sio kuzimalizia, kuzisikiliza. Nikaona zina tabia kama za watu wa sokoni. Kwanza, wanazo za kila upande. Ukikawia wana ya kukuharakisha, ukiharakisha wana ya kukuchelewesha. Ukiwa peke yako wana ya kukuambia tafuta watu, ukiwa na watu wana ya kukuambia jihadhari nao. Yeye mzee anaangalia tu leo anataka nini, anachomoa ile inayomfaa, kama mtu mwenye makoti mawili nyuma ya mlango. Pili, zina njia ya kushuka. Sijawahi kusikia mtu aliyeshiba akijiambia mwenyewe ule wa subira. Kuka anamwambia mwanawe, mwanawe ananiambia mimi, mimi nakuambia wewe, na wewe kama ungekuwa na mbuzi ungemwambia mbuzi.

Maana mimi nilikuambia. Desemba ile uliyokaa kwa Senje Kisumu, uliporudi mikono imepasuka kwa dawa ya kufulia, ukaniambia unaamshwa kabla ya wenye nyumba, unafua za watu wazima na za watoto, vitabu ulivyoenda navyo hukuvifungua hata mara moja. Nilikuwa nachambua maharagwe. Hata sikuinua kichwa. Nikakujibu na ule ule wa subira, mzima, nusu zote mbili, hata sikukuachia wewe ya kumalizia. Ukachukua ndoo, ukaenda kisimani. Senje si mtu mbaya, usimchukie. Amechoka na maisha yake, na mtoto wa ndugu ni mfanyakazi asiyeuliza mshahara. Lakini mikono ilikuwa ni yako, na mimi ni mama yako, na nilikuwa na maharagwe mbele yangu ya kuangalia.

Kwa hivyo leo uliposema kwa Senje hukai, ulikuwa unasema mara ya pili. Wenzangu hawajui. Mimi najua. Na mara ya pili umejibiwa na kitu kile kile.

Sikiza, mwanangu. Nimefikiria sana kwa nini kinaniuma hivi. Wale watu wa kale sina ubaya nao, waliongea mambo yao wakaenda. Kinachoniuma ni mzee aliye hai kujificha nyuma yao. Kama Kuka angeniambia, "Jentrix, nataka Muhonja akae kwa binti yangu kwa sababu binti yangu anahitaji wa kumsaidia," ningemjibu. Tungegombana, tungenuniana, labda tungeelewana. Hayo ni maneno ya mtu na yana mwenyewe. Lakini akitoa methali, namjibu nani? Nikikataa, naambiwa nimewakataa waliokufa wote. Yeye anakaa hapo na kikombe chake, mikono safi, hajasema kitu. Ndivyo alivyofanya hata baba yako alipolala hospitalini. Alikuja akasimama miguuni mwa kitanda, akatoa moja ya mambo yaliyopangwa na Mungu. Nilitaka kumrushia chupa ya uji.

Huko unakoenda utawapata wengi. Si wazee peke yao. Kuna mwalimu atakayecheka msichana akishika nyaya, atakuwa na yake ya kukutupia. Kuna rafiki atakayetaka mtihani wako, ana yake ya kugawana. Kuna kijana atakayetaka jambo haraka, na yeye ana yake tamu, na mwingine atakayekupiga kofi ana ya mapenzi. Wote watakuanzishia, watanyamaza, watakuinamishia sikio. Nakuomba, wacha hiyo nafasi ibaki wazi. Inauma kuiacha wazi, najua, ulimi unawasha. Uliza tu kwa upole, "Na wewe mwenyewe unasemaje?" Utaona vile mtu anahangaika kama amevuliwa shati. Akiwa na neno lake, atakuambia, na mtaongea. Akiwa hana, nenda zako.

Na si lazima kila mara ule imondo ya mtu.

Lakini usifikirie nimezikataa zote. Nina moja ninayotembea nayo, na niliipata kwa nyanya yangu wa Ekero, mama ya mama. Alikuwa anapalilia miwa ya watu, mgongo umeinama kama kulabu. Alikuwa na methali zake, lakini hakuwa anamwambia mtu. Alikuwa anajiambia mwenyewe, mstari kwa mstari. Akifika mwisho wa mstari anatoa nusu, anavuta pumzi, na nusu ya pili anaitunga upya. Kila mara nyingine. Ile ya maji akaimalizia na habari za sabuni iliyoisha dukani. Ile ya jogoo akaimalizia na habari za chifu wetu, siwezi kuandika. Tulikuwa tunacheka mpaka jembe linaanguka. Siku akiwa amechoka sana alikuwa anaimalizia kwa upole, na jambo la kumpa nguvu, jambo la siku hiyo hiyo. "Leo tutafika ule mti," hivyo tu. Na tulikuwa tunafika, na hiyo ndiyo ninayotembea nayo. Nadhani hata hao wa kale walianza hivyo. Mtu fulani, amechoka, anajisemea mwenyewe ili afike mwisho wa mstari. Hakujua itakuja kuwa kifuniko cha kufunika midomo ya watoto.

Jisemee basi. Tunga zako, za umeme. Ukipanda nguzo ukiogopa, jiambie unaogopa, kisha uangalie kama nguzo ni nzima, kisha uamue. Ukiona si nzima, shuka. Shuka wakikuona, shuka wakicheka. Sitaki kuletewa mtu kwa mlango wa mbao mara ya pili.

Sasa maji yanaanza kuimba, kuni mbichi zimenisaliti. Wacha niandike haraka.

Nimempigia Konsolata simu, yule aliyekuwa anavuta sketi yangu. Ana kibanda cha chapati huko Kisumu, karibu na chuo chako, na chumba nyuma yake. Nilimwambia kila kitu, hata imondo. Alipiga kelele mpaka wateja wakamuuliza ni nini. "Imondo ya mzee? Mlete huyo mtoto, nimuone!" Nikamwambia sina cha kumpa. Akasema, "Jentrix, chumba ni kidogo na kitanda ni kimoja. Lakini vyombo vyangu nitaviosha mwenyewe. Yeye asome. Akikoroma tu nitamtoa nje." Kesho asubuhi atakungoja pale gari linaposimama, amesema atavaa kitambaa chekundu kichwani. Kwa hivyo huna haja ya nyumba ya Senje, na Kuka hana mlango wa kukufungia.

Kwa Kukhu usitoke leo. Akikuletea ugali kula. Akikuuliza tena vile imondo ilivyokuwa, mwambie yote, mwambie mpaka ladha ya chumvi.

Mimi ndiye ninaogopa, sitakudanganya. Wewe utaenda na mimi nitabaki. Nitabaki na jicho la Senje kila Pasaka, na Kuka hatakuja tena kunywa chai kwangu, na kuna watu kanisani watasema mtoto wa Jentrix hakufunzwa. Nitachota maji pamoja na wake wa ndugu za baba yako na watanyamaza nikifika. Nimekaa hapa maisha yangu ya ukubwa yote nikisifiwa kwa kumalizia maneno ya huyu mzee, na sijui atanifanya nini nikianza ya kwangu. Lakini nyumba hii tuliijenga mimi na baba yako. Udongo wake niliukanyaga na miguu yangu nikiwa na wewe tumboni. Na nikikumbuka baba yako vile amecheka leo, naona kama hata yeye amengoja.

Nakupenda. Nilikuwa nataka kuandika hilo kwanza, likapitwa na hasira. Nina matumaini makubwa na wewe, Muhonja, si ya kuwa tajiri, ya kuwa mtu ambaye akinyamaza, amenyamaza kwa sababu ametaka.

Chai imeiva. Baba yako anaita. "Mama Muhonja! Kuja. Mzee anauliza mmeamua nini." Na sauti yake haina wasiwasi, ni kama anataka kusikia pia yeye. Naenda. Naenda kuwaambia kwamba mtoto hapigi magoti, kwamba kesho anasafiri, kwamba kwa Senje hakai, kwamba likizo atarudi hapa na atalala katika nyumba hii, na kama wanataka kujua ni nani wa kale aliyesema hivyo, hakuna, maneno haya yote yamesemwa na